Naomba ushauri: nyumba ya vioo ya San Francisco na okidi zangu

Habari zenu wakuu. Naandika kutoka Uyole, Mbeya. Dada yangu amenialika San Francisco mwezi wa tisa, na ninachotamani kuliko vyote ni Conservatory of Flowers, ile nyumba nyeupe ya mbao na vioo iliyofunguliwa 1879 ndani ya Golden Gate Park. Ina chumba cha mimea ya nyanda za juu za tropiki, chenye ubaridi na ukungu, kimejaa okidi. Hapo ndipo moyo wangu ulipo, maana nimekulia karibu na Kitulo, ile hifadhi ya maua yenye okidi za porini, na nyumbani nina kitalu nyumba kidogo cha nailoni. Mchana majani yanaungua. Usiku wa Juni baridi inapiga ncha mpaka zinakuwa nyeusi. Nimeweka neti ya kivuli, nimemwagia maji sakafuni, bado. Bwana shamba niliyemuuliza anajua zaidi nyanya.

Waliowahi kufika: asubuhi moja inatosha kuona nyumba hiyo pamoja na San Francisco Botanical Garden iliyo humohumo Golden Gate Park, au nitenge siku nzima? Na mnaootesha okidi huku kwetu, ukungu wa mchana mnautengenezaje bila kuozesha mizizi?