Mtoto wa miaka 8 ninayemfundisha nyumbani anaimba herufi zote lakini hasomi: nianzie wapi?

Mama wa watoto watatu, Columbus, Ohio

Shikamooni wazazi na walimu. Mwanangu wa kiume ninamfundisha nyumbani tangu alipofikisha miaka 6, na sasa ametimiza miaka 8 na miezi 3 akiwa bado hajui kusoma. Herufi 26 za Kiingereza anaziimba bila kukosea hata moja, lakini nikimwekea neno "mama" anasoma "em, ei, em, ei", kisha ananitazama usoni akitafuta jibu. Kitabu chake cha picha nilidhani anakisoma, kumbe amekikariri. Juzi niliiziba picha ya nyanya kwa kiganja, naye akanyamaza, akaanza kuisokota ncha ya ukurasa mpaka ikachanika.

Nyumbani tunazungumza Kiswahili, ila masomo ninayatoa kwa Kiingereza. Mdogo wake wa miaka 6 ameshaanza kusoma, na kila akiingia chumbani kaka yake hufunga kitabu. Hilo linaniumiza kuliko kuchelewa kwenyewe. Je, nimwanzishe upya, na kwa lugha ipi?

Mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, Tanga

Marahaba, mwanangu. Watoto wa namna hiyo nimewapokea kila mwaka: jina la herufi wanalo, sauti yake hawana. Jina "em" halimfikishi mtoto kwenye "ma", hata aliimbe mara mia. Yaweke majina kando kwa sasa, na mwanzishie Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha anayoielewa akisikia, na pia kwa sababu herufi zake hazimgeuki msomaji. Katika Kiingereza, a ya "cat" si a ya "cake" wala ya "call". Katika Kiswahili, a ya "asali" ndiyo a ya "baba" na ya "kisima". Irabu ni tano tu, na kila moja ina sauti yake.

Kabla ya kalamu, anza na sikio. Mnapopika, mwambie: "Nimeona kitu jikoni kinachoanza na sss." Atataja sukari, sahani, sufuria. Mpigishe makofi kwa silabi: me-za, nyu-mba. Kisha mbadilishieni neno "paka" sauti ya mwanzo, liwe "taka", liwe "waka", liwe "saka". Mtoto asiyeweza mchezo huu kwa mdomo hataweza kuufanya kwenye karatasi, na wazazi wengi huruka hatua hii kwa kuiona ya kitoto.

Akishalizoea hilo, mpe a, i na u, kisha m na s. Nimechagua m na s kwa makusudi, kwa kuwa sauti zake zinavutika: mmm-a, sss-i, naye anasikia jinsi ya kwanza inavyoingia katika ya pili bila kukatika. Herufi b na k hazivutiki, kwa hiyo zisubiri. Tena b na d usizifundishe wiki moja, kwa maana zinafanana umbo na zitamchanganya. Ng na ng' ziache mbali kabisa; hata watoto wanaosoma vizuri hujikwaa kati ya "ngoma" na "ng'ombe". Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinatosha, na uache angali anataka kuendelea.

Mzazi, Mombasa

Mwalimu, kwa heshima zote, sisi tulifundishwa kwa chati ya ba be bi bo bu na tulisoma sote. Kwa nini tumzungushe mtoto na mambo ya sss na mmm?

Mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, Tanga

Ndugu yangu, chati siikatai, nami niliitumia miaka mingi. Hatari yake ni kwamba mtoto huiimba kama mtoto wa mwenzetu huyu anavyoiimba A mpaka Z. Ipime hivi: mwonyeshe "bi" peke yake, bila kuanzia "ba". Akilazimika kurudi mwanzo wa mstari ndipo aifikie, basi ameshika wimbo.

Baba wa watoto wawili, Nakuru

Dada, naomba usisahau masikio na macho. Wa kwangu alikuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, nasi tulimwita mvivu kwa mwaka mzima kabla ya daktari kuyaona. Mpaka leo neno hilo linanichoma. Iwapo miezi kadhaa ya mafunzo ya utaratibu itapita bila dalili ya mabadiliko, ulizia pia kipimo cha disleksia, yaani tatizo la kujifunza linalomfanya mtoto ashindwe kusoma kwa urahisi. Huko Marekani sheria ya IDEA, inayohusu elimu ya watoto wenye ulemavu, inazitaka wilaya za shule ziwatambue watoto wenye ulemavu wa kujifunza, wakiwemo wasiosoma katika shule zao, kwa hiyo peleka ombi lako kwa maandishi na ubaki na nakala.

Mama wa watoto watatu, Columbus, Ohio

Ninarudi baada ya wiki tatu. Masikio yamepimwa na yako salama. Macho yatapimwa mwezi ujao. Kiingereza cha vitabuni nimekisimamisha, na mchezo wa jikoni umekuwa wake kiasi kwamba sasa yeye ndiye anayenitegea mimi.

Jana nilitandaza unga wa ugali kwenye sinia, nikaandika "simu" kwa kidole. Aliivuta sss, akaingia i, akasita kwenye m kwa muda mrefu hadi nikatamani kumsaidia, kisha akamalizia u. Alirudia mara ya pili kwa haraka, halafu akageuka akaitazama simu yangu iliyokuwa mezani. Baadaye aliandika "uma" mwenyewe, na badala ya kuufuta unga alimwita mdogo wake aje asome.

Mwalimu, sasa niongeze herufi gani?

Mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, Tanga

Mpe l, nayo inavutika. Atapata "lala", "lima" na "sala". Ila "mlima" usimpe bado, kwa sababu m ile ni silabi peke yake bila irabu, nayo inahitaji siku yake. Na sinia la unga lisiondoke mezani.