Saa mbili usiku wameigeuza saa nane: data tumekusanya sisi miaka minne, makala wamechapisha wao

Wakuu, salaam.

Nina hasira, na naomba mnivumilie maana uzi utakuwa mrefu.

Wiki iliyopita mwenzangu alinitumia kiungo cha makala ya malaria kwenye jarida moja la utafiti la nje. Sikuhitaji kusoma sana. Vijiji vilevile vya mkoa wa Lindi, watoto wa chini ya miaka mitano, miezi ileile tuliyokuwa uwandani. Ni data yetu, ya mradi tulioufanya kwa ushirikiano na watafiti wa nje. Waandishi ni tisa. Mtanzania ni mmoja, bosi aliyesaini mkataba wa ushirikiano, naye ni wa sita kwenye orodha. Sisi wengine kumi na mmoja tumepewa mstari mmoja kwenye shukrani, bila majina, tukiitwa timu ya uwandani. Na nilipotaka kuisoma yote nikaambiwa nilipe. Dodoso linalotajwa mle ndani nililitafsiri mimi, swali kwa swali, nikalifanyia majaribio na wenzangu wawili kabla mradi haujaanza.

Miaka minne, wakuu. Anayeijua Lindi wakati wa mvua anajua kwamba pikipiki unaisukuma kuliko unavyoipanda. Msimu wa korosho kaya nzima zinahamia mashambani, unafika kwa mtu unakuta mlango umefungwa kwa kamba, inabidi umfuate hukohuko. Mtoto anachomwa kidole, damu inadondoshwa kwenye karatasi maalumu ikauke, kipimo cha haraka kinasomwa, halafu mama anaulizwa maswali. Kabla ya hapo umeshapita kwa mtendaji wa kijiji, umeshapita kwa mwenyekiti wa kitongoji, umesoma fomu ya ridhaa kwa sauti kwa sababu mama hajui kusoma, umejibu kwa nini damu inachukuliwa na inapelekwa wapi. Maswali hayo hakuulizwa mtu wa ng'ambo. Niliulizwa mimi, na ahadi nilitoa mimi.

Sasa sikilizeni lililoniuma kuliko jina langu kukosekana.

Tulikuwa na swali: jana mtoto aliingia kwenye chandarua saa ngapi? Mama wa Lindi akikwambia saa mbili, kila mmoja wetu humu anajua ni saa mbili usiku, giza limeingia, watu wamemaliza kula. Miezi mitano ya kwanza, kabla hatujapewa tableti, wadodosaji waliandika kwenye karatasi kama walivyoambiwa: 2. Saa tatu wakaandika 3. Mimi nikaweka maelezo kwenye kamusi ya data, yaani waraka unaoeleza kila kilichomo kwenye faili kina maana gani, kwamba faili la miezi hiyo lina saa za Kiswahili, halijageuzwa, lisitumike mpaka nilisafishe. Washirika wetu wa nje wakachukua faili, kamusi wakaiacha. Ile 2 wakaisoma kwa hesabu ya saa zao, kwetu ikawa saa nane usiku. Ile 3 ikawa saa tisa. Makala ikaandika kwamba watoto wengi wa vijiji hivyo hulazwa usiku wa manane, ikapendekeza wazazi wapewe elimu.

Mnaona uzito wake? Mbu wa malaria kwetu, hasa Anopheles funestus, huuma zaidi usiku ukishakolea, ndani ya nyumba. Ndiyo maana saa ya kuingia kwenye chandarua ni swali la maana. Mtoto aliyelala saa mbili chini ya chandarua na bado akakutwa na vimelea anakulazimisha uulize mengine: chandarua kimechanika? Dawa yake imeisha nguvu? Mbu wamekuwa sugu? Lakini mtoto aliyekeshwa nje mpaka saa nane anampa mtafiti jibu jepesi, kwamba mama ni mzembe. Mama wa watu aliyenipa kigoda na maji ya kunywa ameandikwa mzembe mbele ya dunia kwa sababu mtu hakuuliza kwamba sisi usiku wetu tunauhesabu tangu jua linapozama. Simu moja ingetosha. Namba yangu iko kwenye ukurasa wa kwanza wa kamusi ile.

Nimeutafuta mkataba nikausoma wote. Data ipande kwenye sava ya pamoja ndani ya siku 30. Mshirika yeyote anaruhusiwa kuichambua. Machapisho yatapitishwa na kamati ya uendeshaji, na kamati ina watu saba, wawili ndio wa upande wetu. Hakuna mstari unaosema nani ana haki ya kuchapisha kwanza. Hakuna unaomtaka mchambuzi azungumze na waliokusanya. Ndani ya siku 30 sisi bado tunafuatilia kaya zilizohamia mashambani na kurudia fomu zilizolowa mvua. Wao wana watu ambao kazi yao ni kuchambua tu, wamekaa wanasubiri faili lipande. Kanuni imeandikwa kana kwamba tuko sawa. Hatuko sawa, na aliyeiandika alilijua hilo.

Na msije mkaniambia ndivyo sayansi ilivyo. Mwaka 1996 wakuu wa mradi wa jenomu ya binadamu, yaani wa kusoma vinasaba vyote vya mtu, walikutana Bermuda wakakubaliana mfuatano wa DNA uwekwe hadharani ndani ya saa 24. Mkutano huo kila mtetezi wa data huria anautaja. Ule wa Fort Lauderdale, Florida, wa Januari 2003 hawautaji. Huko watu wa fani hiyohiyo walikiri kwamba anayezalisha data akiianika mapema anaweza kupokonywa jasho lake, wakataka watumiaji wamwachie nafasi ya kuchapisha uchambuzi wa kwanza wa data nzima. Toronto mwaka 2009 wakaongeza kwamba mzalishaji atangaze mapema anakusudia kuchapisha nini. Hao ni wenye maabara kubwa za Marekani na Uingereza, mashine zao, fedha zao, na bado waliona wanahitaji kulindwa. Mdodosaji wa Lindi anayelipwa posho ya siku yeye analindwa na nini?

Mfano mwingine. Mwaka 2007 Indonesia iligoma kupeleka virusi vyake vya mafua ya ndege, H5N1, kwenye mfumo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, baada ya kujua kwamba kampuni ya nje inatengeneza chanjo kutokana na virusi hivyo, chanjo ambayo watu wake huenda wasingeimudu. Ilisemwa vibaya sana. Lakini ugomvi ule ndio uliozaa, mwaka 2011, utaratibu wa WHO wa kugawana virusi vya mafua pamoja na manufaa yake. Na katika vuguvugu hilohilo ikazaliwa GISAID, hifadhi ya kimataifa ya data za virusi vya mafua, mwaka 2008, ambako huchukui data bila kujitambulisha, na unatakiwa uwatambue waliochukua sampuli na ujitahidi kushirikiana nao. Kwa hiyo inawezekana. Data inafunguka, inaokoa watu, na mwenye nayo hapotei. Anayesema ni lazima uchague kimoja anasema hivyo kwa faida yake.

Mimi si mpinzani wa kushirikishana data, lishikeni hilo. Mwaka 2014 Ebola ilipoingia Sierra Leone, jenomu 99 za virusi kutoka kwa wagonjwa 78 ziliwekwa wazi haraka ili dunia nzima izifanyie kazi. Waandishi watano wa makala ile walikufa kwa Ebola kabla haijatoka, akiwemo Dk. Sheik Humarr Khan wa hospitali ya Kenema. Waliogusa wagonjwa na damu majina yao yalikuwa kwenye makala, pamoja na maprofesa wa Marekani. Huko hakuna aliyesema wauguzi ni timu ya uwandani. Nikiikumbuka makala ile halafu nikautazama mstari wetu mmoja wa shukrani, nashindwa hata kula.

Nilipoandika barua pepe ya kistaarabu kuuliza, nilijibiwa kwamba hatukuandika makala, hivyo hatukidhi vigezo vya uandishi. Vigezo wanavyovitaja ni vya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE. Nimevisoma. Ni vinne, na ni kweli cha pili ni kuandika au kupitia makala kwa kina. Lakini cha kwanza kinataja kukusanya data, na maelezo yanayofuata yanasema wazi kwamba kila aliyekidhi cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika na kupitia, na kwamba vigezo visitumike kumwengua mtu kwa kumnyima nafasi hiyo. Ndicho hasa tulichofanyiwa. Hukumwalika mtu mezani, halafu unasema hakula.

Aliyeumia zaidi ni dada mmoja wa timu yetu. Alikuwa anasoma shahada ya uzamili, tasnifu yake ilikuwa juu ya vyandarua na vimelea kwa watoto hawa hawa. Ameitumikia data ile tangu siku ya kwanza, amelala kwenye zahanati isiyo na umeme, amesafisha maelfu ya mistari. Msimamizi wake alipoiona makala akamwambia swali lake limeshajibiwa na wengine, atafute jingine. Ada ya mwaka mwingine anaijua yeye na mama yake. Na jibu lenyewe ni lile la saa nane usiku! Amezuiwa kuandika ukweli kwa sababu kosa limetangulia.

Sasa niwaseme na wa nyumbani, maana nikiwaacha nitakuwa mnafiki. Mabosi zetu wanasaini mikataba hii bila kuisoma. Wakiona gari, friza ya sampuli na posho za semina, kalamu iko tayari. Sheria tunazo. Data haitakiwi kutoka nchini bila makubaliano ya uhamishaji yaliyopita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Mtafiti wa nje anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023. Lakini fomu za makubaliano zinajazwa kama za kuombea likizo: sehemu ya nani atachapisha nini inaandikwa "kwa makubaliano ya pande zote", basi. Makubaliano gani, kwa kura mbili dhidi ya tano?

Na lipo la usiri. Kanuni za mfadhili ziliwataka washirika wetu wa nje waweke data kwenye hifadhi ya wazi, wameweka. Majina wametoa, sawa. Kitongoji wamekiacha, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, jinsia, idadi ya watu kwenye kaya. Kitongoji chenyewe kina kaya chini ya sitini. Mimi nikiifungua naweza kukuambia kila mstari ni mtoto wa nani. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza. Jirani anaweza. Kwenye fomu ya ridhaa nilisoma kwa mdomo wangu kwamba hakuna atakayemtambua mtoto wako.

Ninachotaka kionekane kwenye mikataba ijayo hakihitaji fedha. Kabla ya tone la kwanza la damu, iandikwe nani atachambua swali lipi na ndani ya muda gani. Waliokusanya wapewe miezi ya kutosha, mimi nasema 12 kuanzia siku data iliposafishwa, siyo siku ilipopanda kwenye sava. Ukitokea mlipuko wa ugonjwa muda huo usiwepo, data itoke siku hiyohiyo, lakini na majina yetu. Faili lisifunguke bila kamusi yake. Wanafunzi wetu mada zao ziorodheshwe na ziheshimiwe. Na rasimu ya makala ifike kwa mtu aliyekaa kwenye kigoda kile kabla haijafika kwa mhariri.

NYONGEZA, saa nne usiku:

Kuna mdau hapo chini amesema nishukuru tu, data ikifichwa watoto wanaendelea kufa. Mkuu, hakuna aliyeficha. Tulipandisha kila faili ndani ya siku 30 kama mkataba ulivyotaka. Nionyeshe mtoto aliyeokolewa na takwimu inayosema analala saa nane usiku.

Mwingine ameuliza kwa nini sitaji jarida wala taasisi. Kwa sababu wenzangu bado wana mikataba ya kazi huko, na kwa sababu nataka kosa lisahihishwe kwanza. Nimeandaa barua kwa mhariri: ukurasa mmoja na nusu, jedwali la saa zilizogeuzwa vizuri, na nakala za karatasi za miezi ile mitano zikiwa zimefunikwa utambulisho. Bosi amekataa kuisaini, amesema itaharibu uhusiano na mfadhili. Nitaituma kwa jina langu na la yule dada.

Kama humu kuna mtu aliyewahi kupeleka barua ya masahihisho kwenye jarida la nje bila taasisi nyuma yake na ikachapishwa, naomba aniandikie faragha anieleze alivyofanya. Naituma Jumatatu.