Kikundi cha Ukoo: picha kutoka Udaipur

Mimi: Shikamooni wote. [picha] Leo nipo Udaipur, India, juu ya kilima cha Moti Magri. Huyu wa shaba ni Maharana Pratap na farasi wake Chetak. Watu wanamletea maua.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Ni nani huyo?

Baba Mdogo: Mtawala wa Mewar, ufalme wa zamani wa huko. Alishika kiti 1572, wakati wafalme wengi wa Kirajput, yaani wa koo za wapiganaji wa Kihindu, walikuwa wameshakubali kuwa chini ya Akbar, mfalme mkuu wa Wamughal, Mwislamu. Akbar alimtumia wajumbe mara nne. Hakwenda.

Kaka: Kwa hiyo vilikuwa vita vya Wahindu na Waislamu?

Baba Mdogo: Hapana mwanangu, hapo ndipo wengi wanapopotea. Walipopigana pale Haldighati, Juni 1576, jeshi la Akbar liliongozwa na Man Singh wa Amber, Mrajput, Mhindu. Na kwa Pratap alikuwepo Hakim Khan Sur, Mwafghani, Mwislamu, pamoja na Wabhil wa milimani na mishale yao. Ugomvi ulikuwa kwenda kuinama mbele ya Akbar.

Shangazi: Si angeinama tu, watu wapumzike?

Baba Mdogo: Dada, 1568 Akbar aliiteka Chittor, ngome ya baba yake Pratap, baada ya kuizingira kwa miezi. Wakauawa watu wapatao 30,000, wengi wakulima waliokimbilia humo. Wanawake walijitia motoni wasitekwe. Pratap alikuwa na miaka 27. Mimi nikikumbuka hilo siwezi kumlaumu.

Shangazi: Ya Rabi.

Mimi: Haldighati alishinda?

Baba Mdogo: Uwanja aliuacha. Jhala Man, mkuu mmoja wa upande wake, alijitwika alama za kifalme ili adui wamfuate yeye, akafa, Pratap akapata kutoka. Inasimuliwa Chetak alimvusha kijito na jeraha lake, akaanguka ng'ambo. Ila Pratap hawakumkamata, siku ile wala maisha yake yote! 1578 wakachukua hata ngome ya Kumbhalgarh, yeye akazidi kuingia milima ya Aravalli. Bhama Shah, waziri wake, akampa mali yake ya kulipia askari. 1582 akashinda vita vya Dewair, akarudisha sehemu kubwa ya Mewar. Chittor hakuipata tena. Alifia Chavand, Januari 1597.

Shangazi: Na wakulima miaka yote hiyo walilima wapi?

Baba Mdogo: Inasimuliwa aliwaamuru wahame mabondeni, wasipande kitu, jeshi la Akbar likose chakula.

Shangazi: Na watoto wao wale nini? Mwanangu, ukiweka ua, weka na la hao.

Kaka: Mwanawe je?

Baba Mdogo: Amar Singh alipigana mpaka 1615, akapatana na Jahangir, mwana wa Akbar. Lakini alikubaliwa sharti lake: Rana, yaani mtawala wa Mewar, mwenyewe asiende barazani kwa Jahangir, aende mwanawe.

Mimi: Shangazi, nimeweka mawili. [picha]