Tupeane uzoefu: nani amewahi kulizwa na dalali akiagiza maua mtandaoni?

Binti Kilema
Wakuu, salaam. Nimefiwa na shangazi, tunazika Jumamosi Moshi, na mimi niko Leicester, kazini hawajanipa ruhusa. Nataka angalau MC akiita watoto wa kaka waweke shada, na langu liwepo.

Nimeingia Google. Duka la kwanza linasema liko Moshi mjini, paundi 85 shada la maua meupe, linafika siku hiyo hiyo. Nikafungua la pili, linasema liko Arusha. La tatu Mwanza. Picha ni ile ile kote, hata kivuli cha meza hakijabadilika, na namba ya simu ni moja. Anuani hakuna. Duka gani la Moshi linashindwa kusema hata "jirani na soko la Mbuyuni"?

Waliowahi kuagiza maua mtandaoni, ya msiba, ya send-off, ya mahafali, tiririkeni. Nitamjuaje mwenye duka na yule anayekaa katikati tu?

Fundi Kobazi
Pole kwa msiba dada. Hao ni mawinga wa Kariakoo walioacha kuchomwa na jua. Duka si lao, mzigo si wao, wanakudaka mlangoni, wanapachika cha juu, kisha wanamtuma mwenye maua. Ila winga wa Kariakoo akikuuzia kimeo, kesho unamkuta pale pale Msimbazi mnakabana mashati. Huyu wa mtandaoni utamkabia wapi?

Mama Shada Nairobi
Poleni kwa msiba. Wacha niongee kwa niaba ya sisi tunaofunga maua, maana matusi hutufikia sisi.

Niko City Market, upande wa Muindi Mbingu. Kila Februari nikifungua WhatsApp nakuta watu nisiowajua: "Mathe, niko na oda, boksi nyeusi, peleka Kilimani." Wananitumia picha imetoka Pinterest, mawaridi mia moja yamebanana kama yamechorwa. Halafu wananilipa elfu mbili. Na mimi naweka mawaridi ya elfu mbili, najazia gipso, vile viua vidogo vyeupe, napatia mtu wa boda. Jioni msichana wa Kilimani ananipigia analia, kwa sababu stika kwenye karatasi ina namba yangu. Ananiambia bwana yake alilipa elfu saba na mia tano kutoka Dallas na ameletewa maua ya kumtembelea mgonjwa. Hiyo elfu tano na zaidi mimi sijaiona na macho. Nimebaki na lawama na stika.

Na mjue wiki ya Valentine si wiki ya kuokota maua. Mashamba ya Naivasha yanapeleka mzigo mzuri ng'ambo, sokoni kwetu inabaki ile ya shina fupi na kichwa kidogo, na bado bei inapanda kila asubuhi. Mtu akikuahidi usiku wa tarehe 13 shina refu kwa bei ya Oktoba, huyo ana picha tu.

Jirani wa Sinza
Naunga mkono hoja. Hela inaliwa njiani, yanafika majani.

Msukuma wa Ohio
Huku Marekani mchezo ni huo huo, ila umevalishwa tai. Mwalimu wa mwanangu alifiwa na mume. Nikatafuta duka la maua la mji wetu, mji mdogo kabisa, taa za barabarani tunazihesabu. Likatokea duka lenye jina la mji, namba ya simu ya eneo letu. Nikapiga, nikamwuliza dada aliyepokea: mko upande wa reli au upande wa shule? Akanijibu "tunahudumia eneo lako." Nikauliza tena, akanijibu vile vile. Kwenye ukurasa wa kulipa ikachomoza ada ya huduma ambayo mwanzo haikuwepo.

Nikaenda kwa miguu kwenye duka la kweli. Mzee mwenye duka akanifungulia hesabu: mpokea oda wa katikati anakata kama asilimia 20 au zaidi, mtandao unaosafirisha oda nao una fungu lake, na ile ada ya huduma mfunga maua haioni kabisa. Kinachobaki ndicho kinachonunua maua. Ukilipa dola 80, mezani kwake zinafika hamsini na ushee, na wewe unategemea shada la themanini.

Msinielewe vibaya, kupelekeana oda mji kwa mji si wizi. FTD, mtandao wa maduka ya maua ya hapa, ilianza mwaka 1910, wauza maua wachache walikubaliana kupashana oda kwa telegramu. Interflora ya Waingereza ikafuata 1923. Lakini aliyepokea hela yako alikuwa na duka, na ulijua linafungwa saa ngapi. Tatizo ni huyu asiyemiliki hata ndoo ya maji. Majimbo kadhaa yametunga sheria za kuzuia mtu kujitangaza kuwa yuko mji ambao hayupo, lakini bado wapo tele.

Jingine: tangazo la msiba la huku likiwa mtandaoni huwa na kitufe cha kutuma maua. Mtu anadhani familia ndiyo imekiweka. Mara nyingi ni biashara ya watu wengine kabisa. Piga simu nyumba ya mazishi, uliza wao wanapokea maua kutoka duka gani, kisha piga hilo duka mwenyewe.

Mswahili wa Kibokoni
Nyie wa bara mwapenda tabu. Huku asumini hutungwa jioni, kikuba wakinunua kwa bibi yule yule aliyekitunga, wanusa, walipa, wenda zako. Hamna dalali hamna picha.

Kijana wa Usa River
Sawa mzee wangu, sasa hicho kikuba mtu wa Leicester atakinusaje?

Mswahili wa Kibokoni
Nani kakuuliza wewe? Nyinyi wenyewe maua yenu mengi ya Arusha yapitia JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kwenda Ulaya. Nchi nzima mwaendeshwa na dalali.

Kijana wa Usa River
Yanapitia huko kwa sababu ndege za mizigo zipo huko. Usichanganye usafiri na udalali.

Mama Shada Nairobi
Muachane na hiyo vita, mtu amefiwa.

Tabata Mwisho wa Lami
Nilikuwa nasoma kimya kimya ila mmenigusa kidonda. Baba yetu alifariki wiki yenyewe ya Valentine. Kaka yangu yuko Doha, akaagiza shada kwenye ukurasa mmoja wa Insta unaojiita wa Dar, wafuasi kibao. Akalipa laki mbili na nusu.

Siku ya kuaga, nyumbani, maturubai yamejaa hadi barabarani. Kwaya imemaliza, jeneza liko mbele. Bodaboda akaingia na boksi kubwa. Kaka alishapiga simu kusema maua yake yako njiani, kwa hiyo wajomba wakalipokea kwa heshima zote wakalipeleka mbele bila kulifungua. MC akaona ni vyema amtambue mtoto aliye mbali. Akafungua.

Boksi la umbo la kopa. Mawaridi mekundu, pembeni chokoleti zimepangwa kwa mstari. Watu wakajikaza, tukasema labda ndiyo mtindo wa Doha. Kuna kadi. MC akaichukua na kuisoma kwenye maiki: "Kwa mpenzi wangu, asante kwa usiku wa jana, tangu nizaliwe sijawahi..." Akanyamaza, ila spika zilishafika hadi mtaa wa pili. Chini imeandikwa: Wako, J.

Mama hakulia. Aliinuka kwenye mkeka taratibu akauliza, "J ni nani?"

Mzee wa Kahawa
Usitukatie hapo mkuu. Endelea.

Nyoka Shimoni
Chai. Tena ya rangi. MC gani anasoma kadi msibani bila kuipitia kwanza?

Tabata Mwisho wa Lami
MC ambaye ni binamu na hakuomba kazi hiyo. Hutaki kuamini, pita kushoto.

Naendelea. Kwenye jumuiya yetu kuna mama ambaye jina lake linaanza na J, na siku hiyo alikaa safu ya mbele mbele. Macho yote kwake. Masikini akaanza kujitetea kabla hajaulizwa, ndipo alipoharibu. Shangazi zangu wawili walishafunga kanga kiunoni. Mchungaji ikabidi aanzishe wimbo ambao haukuwepo kwenye ratiba.

Mimi huku nje nampigia wa Insta, simu haipatikani, ukurasa umeshanifungia. Bahati nzuri bodaboda hajaondoka. Anasema katumwa na kibanda cha maua barabarani. Nikapanda naye hadi kibandani. Kijana wa pale ananionyesha simu yake: oda mbili zimeingia pamoja WhatsApp, kadi kaziandika kama alivyotumiwa, anuani zimepishana. Hamjui kaka yangu, hamjui J, hata jina la huo ukurasa halijui. Yeye ana namba tu inayomtumia kazi. Kwa oda zote mbili alilipwa elfu sitini.

Shada letu la utepe "Pumzika kwa amani, baba" lilikuwa limeshafika ofisini kwa binti wa watu Mikocheni. Yule binti alikwenda polisi akafungua RB, akijua ametishiwa kuuawa.

Jirani wa Sinza
Nimecheka msibani jamani, Mungu anisamehe.

Dume la Mbegu
Mkuu pokea ukweli tu. Dalali hakukosea anuani. Mzee alikuwa na nyumba ndogo.

Fundi Kobazi
Dume, marehemu hasemwi. Una adabu kweli?

Dume la Mbegu
Nimesema tu kinachowezekana. Mbona mama wa jumuiya alijitetea?

Tabata Mwisho wa Lami
J ni kijana wa kiume, Dume. Polisi walimpigia kwa ajili ya ile RB, akaja nyumbani siku ya matanga na risiti yake mkononi. Mama aliisoma, akairudia, ndipo akampa chai. Ila yule mama wa jumuiya na shangazi mpaka leo hawasalimiani.

Mjukuu wa Isale
Mnacheka lakini hakuna anayeuliza la msingi. Uchagani kaburi linapandwa isale, ule mmea wetu wa mila. Haya mashada yamekuja na watu wa mjini, mengine plastiki tupu, mwezi mmoja tu yamegeuka takataka migombani. Binti, paundi 85 wape wafiwa wanunue sukari.

Binti Kilema
Babu, shikamoo. Isale lipo na litapandwa, sukari nimeshatuma. Na shada nataka.

Nyoka Shimoni
Rahisi: usilipe hata shilingi mpaka maua yafike. Akikataa, tapeli.

Mama Shada Nairobi
Wewe hujawahi kuuza maua. Shada la msiba nikishalifunga na jina la marehemu kwenye utepe, usipolipa nampelekea nani?

Nyoka Shimoni
Basi nusu.

Dada wa Kigamboni
Mimi nilitoa nusu, nikaletewa nusu. Sitanii. Bora ulipe yote lakini kwa mtu uliyeongea naye kwa video akiwa dukani. Mwambie ageuze kamera uone ndoo za maua na barabara. Dalali atasema kamera mbovu, au mtandao unasumbua, au yuko kwenye gari.

Otieno wa Umoja
Ukilipa kwa till, ile namba ya malipo ya duka, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Duka linajiita la maua halafu jina linakuja la mtu wa kuuza simu, jiondoe. Na kama ni M-Pesa ya Kenya na umetuma pesa kwa namba isiyo yake, ile meseji itume kwa 456 haraka kabla hajatoa. Akishatoa, kuipata ni maombi.

Fundi Kobazi
Kwa Bongo namba ya tapeli itume 15040. Hela sikuahidi, ila laini watamshughulikia.

Msukuma wa Ohio
Pia ichukue picha yao, itafute Google kwa picha. Niliwahi kulikuta "shada letu la Kampala" kwenye duka la Poland.

Kijana wa Usa River
Hayo yote ya nini? Mtumie ndugu hela akanunue mwenyewe.

Dada wa Kigamboni
Ndugu ndiye dalali namba moja. Binamu yangu nilimtumia laki, akanunua la plastiki la elfu thelathini, nilipouliza chenji akaniambia nauli imepanda.

Mjukuu wa Isale
Plastiki. Nilisema mimi.

Binti Kilema
Nashukuru wote, hata mliogombana. Nimepiga simu ofisi ya parokia, katibu akanipa namba ya mama anayepamba kanisa kila Jumapili. Tumeongea kwa video, ndoo nimeziona, na ng'ombe wake nimemwona. Maua halisi, elfu themanini, nusu leo nusu likifika. Kumbe zile paundi 85 zingenunua mashada matatu na chenji ikabaki. Sasa ananiuliza kwenye utepe aandike nini.

Otieno wa Umoja
Andika jina la marehemu kamili na jina lako kamili. Usiandike herufi moja.

Mzee wa Kahawa
Tabata, swali la mwisho. Yule MC mlimlipa?

Tabata Mwisho wa Lami
Alishalipwa kabla.