Niliwahi kuugua bulimia, sasa nashawishiwa kukata wanga. Naombeni ushauri

Binti Chumbageni
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 26, nipo Tanga mjini. Nikiwa chuo niliugua bulimia: nakula kwa kujificha mpaka tumbo linauma, kisha najitapisha. Nikatibiwa, nikakaa sawa. Sasa mabinamu zangu wana grupu la kukata wanga kabla ya harusi ya kaka. Asubuhi mayai, mchana samaki na mchicha, usiku parachichi. Wali, mihogo, mkate wa kumimina, marufuku. Kila alfajiri unapiga picha mzani, unatuma. Mmoja kashusha kilo tatu wiki ya kwanza. Natamani, ila moyo unasita. Mnaonaje?

Kisiwa cha Toten
Anza tu dada. Mimi nimeacha ugali na soda tangu Ramadhani, kitambi kwisha. Wanga ni sumu.

Nesi wa Makorora
Toten, wewe una kitambi, mwenzio ana historia ya ugonjwa. Msichanganye.

Dada, hizo kilo tatu nyingi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu hushika kama gramu 3 za maji. Ukikata wanga, akiba inaisha, maji yanatoka kwa mkojo. Ukila pilau siku moja, mzani unapanda tena. Mwingine atanuna kidogo aendelee na maisha. Wewe utajiona umeharibu kila kitu, na hapo ndipo kubugia kunaporudi, kisha chooni.

La kutisha zaidi: maji hayo yanatoka na chumvi na madini ya potasiamu, na kutapika nako kunashusha potasiamu. Ikishuka sana moyo unapiga ovyo, unaweza hata kusimama. Na huwezi kumjua mtu kwa kumtazama, wengi wana miili ya kawaida kabisa.

Huo mlo wa kukata wanga kabisa ulianza miaka ya 1920 kama tiba ya kifafa, chini ya daktari. Leo unagawiwa kwenye magrupu kama kadi za mchango.

Mzee wa Pongwe
Hayo si maradhi ya Wazungu? Huku watu wanatafuta hicho chakula chenyewe.

Mama Wawili
Shikamoo mzee. Wangu nimemuuguza hapahapa Tanga. Alianza kwa kukataa wali, nyumba nzima tukamsifu. Akakataa ndizi, maharage, mwisho hata maziwa. Siku nafagia uvunguni nikakuta mifuko ya biskuti imekunjwa vizuri ndani ya viatu vya shule, na boflo zima limebaki kipande.

Alichoagizwa hospitali: ale mara tatu kwa siku na kitu kidogo katikati, asikae zaidi ya masaa manne bila kula, na kisiwepo chakula cha haramu zaidi ya kile cha dini. Njaa ndiyo iliyokuwa inamsukuma kubugia. Tuligombana sana kwa sahani moja ya wali.

Binti Chumbageni
Asanteni. Ila mama yangu ana kisukari, nami naogopa. Si ndiyo dawa yake hiyo?

Nesi wa Makorora
Kapime sukari kwanza, usijitibu kwa hofu. Hata mwenye kisukari, akiwa anatumia insulini akakata wanga ghafla bila daktari kurekebisha dozi, sukari inaweza kushuka akaanguka. Nenda hospitali ya Bombo, ulizia huduma ya afya ya akili, eleza historia yote pamoja na kutapika. Wakupime potasiamu, mtu wa lishe akupangie akijua ulikotoka. Ukianza kuzimia au moyo kwenda mbio, usisubiri asubuhi. Na hilo grupu la mizani, toka leo.

Binti Chumbageni
Nimetoka. Binamu keshanipigia mara mbili, sijapokea.

Mama Wawili
Mwambie daktari kakukataza. Hudaiwi maelezo mengine, mwanangu.

Kisiwa cha Toten
Ya potasiamu sikuyajua. Lakini kwenye kitambi nasimama palepale.

Nesi wa Makorora
Simama, ila kwenye kitambi chako.