Kuondolewa ngozi ya tumbo: nitegemee nini nikirudi nyumbani?

Mama Pacha: Dada zangu, wiki ijayo naondolewa ngozi ya tumbo iliyolegea baada ya uzazi. Nitabeba wanangu lini?

Bi Rehema: Kila la heri, mpenzi. Mimi mwanzoni nilitembea nimeinama na kulala chali, mito chini ya magoti, maana kujinyoosha kunavuta mshono. Ile mirija ya kutoa majimaji ilinikera kuliko maumivu. Niliibana kwenye kanga kwa pini. Kubeba watoto, subiri kama wiki 6, daktari aruhusu kwanza. Uvimbe huchukua miezi, usikate tamaa.

Nesi wa Tanga: Tembea kidogo kidogo mapema, damu isigande. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikibana, kimbia hospitali.

Mama Pacha: Asanteni. Namwita mdogo wangu aje akae nami.