Mpango wa maafa wa kijiji bonde la Rufiji: nguvu tuweke hatua ipi?

Mjumbe_Bondeni: Habari za humu wakuu. Kamati yetu ya maafa ya kijiji inatakiwa kuwa na mpango kabla ya masika. Hatua tunazijua: kuzuia na kupunguza madhara, kujiandaa, kukabili, kurejesha hali. Fedha za tuta la kuzuia mafuriko hatuna. Tuanzie wapi?

Kipimamaji: Anzeni na tahadhari ya mapema, mkuu. Rufiji hujazwa na Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kwa hiyo mto unaweza kupanda huku kwenu jua linawaka. Msitegemee mvua ya kijijini. Fuatilieni viwango vya tahadhari vya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa (Angalizo, Tahadhari, Tahadhari Kubwa), na muwe na mtu wa kumpigia wilayani kuhusu maji yanayofunguliwa Bwawa la Julius Nyerere.

Simikeni nguzo ya kupimia mtoni, ipakwe rangi kwa viwango, na kila rangi iwe na amri yake. Maji yakigusa njano, wazee, wajawazito, wagonjwa na mifugo wanahama. Nyekundu, kila mtu. Mipango mingi hufia hapa: nguzo ipo, lakini hakuna aliyepangiwa kuisoma saa nane usiku. Andikeni majina mawili kwa kila zamu. Kipaza sauti cha msikiti kinataka umeme, kwa hiyo wekeni na ngoma.

Afya_Kata: Naongeza kuhusu makazi ya muda. Kiwango cha Sphere (mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu) ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, hivyo darasa la mita 6 kwa 8 ni watu 13, si 40. Maji lita 15 kwa mtu kwa siku. Choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni, kisha mshuke hadi 20.

Mjumbe_Bondeni: Ahsanteni sana. Na visima vilivyofunikwa na maji?

Afya_Kata: Subirini maji yashuke ardhini kwanza. Mkikomba kisima haraka wakati udongo wa pembeni bado umelowa chepechepe, kuta huporomoka. Toeni tope lote, maana tope hula klorini. Kisha HTH (unga wa klorini) ya asilimia 65, gramu 80 kwa kila mita ya ujazo. Kisima chenye kipenyo cha mita 1.2 na maji ya kina cha mita 2 kinataka kama gramu 180. Vaeni glavu, mkoroge kwenye ndoo ya plastiki: unga ndiyo utiwe kwenye maji. Mwageni kisimani, mfunike usiku kucha, kisha mchote mmwage hadi klorini ishuke chini ya miligramu 0.5 kwa lita.

Mama_Mlau: Jamani, kurejesha hali kunaandaliwa sasa, maji yakiwa bado mtoni. Andikeni daftari la kaya, ekari na mifugo, nakala moja ikae kata. Bila daftari, tathmini inageuka ubishi na wajane ndio wanaosahaulika. Pia tengeni mbegu za mlau, yaani kilimo cha mafuriko yakipungua: mahindi ya muda mfupi na kunde, kwenye vyombo visivyopitisha maji, zihifadhiwe mwinuko. Maji yakirudi nyuma, pandeni kwa kufuata ukingo wake tope likiwa bado na unyevu. Mkichelewa hadi uso upasuke nyufa, mbegu haioti.